Mavazi ya mwandishi wa senario: kutoka Lubunga mpaka kwenye meza ya mkutano

Kwa mwandishi wa senario anayekaa Lubunga, mkutano wa kazi unaanza kivukoni. Ofisi nyingi, mashirika, vituo vya utamaduni na hoteli ambamo wageni wanapokelewa ziko ngambo ya kuume ya mto Kongo. Kati ya komini 6 za Kisangani, Lubunga peke yake iko ngambo ya kushoto. Mtu aliyepewa saa tatu ya asubuhi anaamka mapema, anashuka na njia ya udongo mpaka majini, anapanda pirogi, kisha anatafuta moto ao toleka upande wa pili. Kila hatua ya safari hiyo inaweza kuacha alama kwenye nguo: matope kwenye viatu, maji kwenye suruali, vumbi kwenye shati, jasho mgongoni. Anapofika mezani, mtu anayemngojea haoni safari. Anaona alama tu.

Ndiyo maana swali la «nitavaa nini?» siyo swali la watu wenye kupenda kujionyesha. Mwandishi anaweza kupoteza kazi kwa sababu alionekana kama mtu asiyejiheshimu. Mwingine anaweza kumaliza pesa yote kwenye kostimi, kisha akakosa franka za kutoa kopi ya senario aliyokwenda kuonyesha. Makala hii inaeleza desturi za mavazi kwa mikutano ya namna mbalimbali, zimetoka wapi, na namna ya kuzifuata pasipo kuingia deni.

Mwandishi wa senario anakutana na nani?

Senario ni filamu iliyoandikwa mbele ya kamera kuwashwa. Ndani yake kuna mahali, watu, vitendo na maneno yatakayosemwa. Mwenye kuiandika haonekani kwenye picha, na mara nyingi watazamaji hawajui jina lake. Lakini kabla filamu haijatengenezwa, ni yeye anayepaswa kukaa mbele ya watu na kuwafanya waione kwa masikio.

Mjini kama Kisangani, mtu mmoja anaweza kuandika, kuongoza na hata kubeba kamera. Mikutano yake iko ya aina nyingi. Kuna mkutano na mkuu wa komini ao meya juu ya ruhusa ya kupiga picha. Kuna mkutano na shirika linalotaka filamu fupi ao mchezo wa redio juu ya afya, uchaguzi ao amani. Kuna mkutano na mtayarishaji wa filamu, yule anayetafuta pesa na kuzisimamia. Kuna mkutano na watu wenyewe ambao maisha yao yatakuwa filamu. Tena kuna mkutano wa kwenye simu, na kwa wenye bahati, mkutano wa festivali ya ngambo. Nguo moja haiwezi kusema vizuri pahali pote hapo.

Kisangani na mtihani wa nguo

Mashariki ya Kongo, nguo ya ofisini iko na historia ndefu ya kupimwa. Wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, Kisangani iliitwa Stanleyville. Wakongo waliosoma shule waliitwa «evoluwe», na kuanzia mwaka 1952 waliweza kuomba karti ya imatrikulasio, yenye kuonyesha kwamba serikali ya kikoloni inawahesabu kuwa wamefikia «ustaarabu». Kwa kuipata, mtu alichunguzwa mpaka nyumbani kwake: namna anavyokaa, anavyokula, anavyoishi na bibi na watoto. Patrice Lumumba, aliyefanya kazi ya posta Stanleyville, aliipata mwaka 1954. Picha zake nyingi zinamwonyesha na kostimi, miwani na kravati ya kipepeo. Kwa kizazi chake, shati lililopigwa pasi lilikuwa pia jibu kwa mtu aliyekuwa anasema Mwafrika hawezi.

Miaka ya 1970 mambo yaligeuka. Mobutu, mu siasa yake ya kurudia asili, alikataza kostimi na kravati na kuleta abakosti, koti la kola fupi lisilohitaji kravati. Jina lenyewe linatoka kwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya «kostimi chini». Wanawake nao waliambiwa waache suruali, sketi fupi na wigi, wavae kikwembe. Katazo la kravati liliisha tarehe 24 Aprili 1990, siku ileile Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Wanaume wengi walivaa kravati tena kama ishara ya uhuru.

Kwa hiyo mzee wa miaka 65 na kijana wa miaka 25 wanaweza kutazama kravati moja na kuona vitu viwili. Kwa mmoja ni alama ya ushindi, kwa mwingine ni nguo ya arusi. Abakosti nayo bado inaheshimiwa na wazee wamoja. Mwandishi anayejua historia hiyo hatashangaa akipokelewa na mkubwa aliyevaa abakosti, wala hataicheka.

Kisha kuna sape, ile sanaa ya kuvaa ambayo Papa Wemba, aliyekufa Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, aliifanya ijulikane mbali. Sape ina heshima yake mu muziki na barabarani. Kwenye meza ya kazi inaleta tatizo moja: macho yote yanaenda kwa koti, na hadithi inabaki pembeni. Tena mtu anayeomba msaada wa kukodi kamera, akiwa amevaa viatu vya bei ya kamera, anawapa watu swali ambalo hawataliuliza kwa sauti.

Mto, mvua na njia

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinavyofundisha waandishi namna ya kwenda mkutanoni havina ukurasa juu ya pirogi. Mtu wa Lubunga anapaswa kuupanga mwenyewe.

Jambo la kwanza ni viatu. Wengi wenye kuvuka kila siku wanatembea na kambambili ao botu za plastiki mpaka ngambo, wakiwa wamebeba viatu vya mkutano mu mfuko. Hakuna haya ndani yake. Kinachotakiwa ni kupata pahali pa kubadilisha mbele ya kufika mlangoni: kwa rafiki, kwa ndugu, ao kando ya duka, kukiwa na chupa ya maji na kitambaa cha kupangusia miguu. Viatu vyeusi ao vya kahawia, vilivyofungwa, vinafaa kwa karibu kila mkutano. Vinaweza kuwa vya mitumba, hata vya zamani, mradi vimepakwa rangi na soli haifunguki.

Jambo la pili ni suruali. Rangi ya bluu nzito, ya kijivu nzito ao ya kahawia inaficha matone ya matope. Nyeupe na kaki nyangavu hazifichi kitu. Juu ya toleka ao moto, mwenye akili anakunja miguu ya suruali na kuikunjua akishuka.

Jambo la tatu ni shati. Umeme haupatikani kila siku, basi shati linapigwa pasi siku ambayo umeme uko, ao kwa pasi ya makala, kisha linatundikwa. Pasi ya makala inataka uangalifu: jivu moja dogo linatosha kuharibu shati jeupe. Mwenye safari ndefu anavaa fulana ya ndani kwa ajili ya jasho, na shati analivaa ngambo. Mashati ya vitambaa vya plastiki yanashika jasho na harufu. Pamba inapumua vizuri zaidi, hata kama inakunjamana upesi.

Jambo la nne ndilo kubwa: karatasi. Nguo ikilowa itakauka, lakini senario iliyolowa ni takataka. Kurasa zinafungwa mu mifuko miwili ya plastiki, ndani ya begi, na begi linabaki kifuani wakati wa kuvuka. Kopi nyingine inakaa mu simu ao mu kifunguo cha USB. Dieudo Hamadi, mtengenezaji wa filamu aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984, alionyesha namna safari ya mto inavyopima watu mu filamu yake «En route pour le milliard» ya mwaka 2020. Wahanga wa Vita ya Siku Sita, ile ya Juni 2000 ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, wanashuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia. Wengine wanatembea na magongo ao miguu ya bandia. Wanafika Kinshasa na chombo na kusimama mbele ya Bunge. Hakuna anayemaliza kuitazama filamu ile akifikiri kwamba heshima ya mtu iko mu kostimi.

Mbele ya mkuu wa komini ao meya

Ofisi ya serikali ndiyo pahali ambapo mavazi yanapimwa kwa ukali zaidi. Kuna ofisi ambamo askari wa mlangoni anarudisha mtu mwenye kaptula, kambambili ao shati lisilo na mikono. Mwanaume anavaa suruali ndefu, shati la mikono mirefu ao la kitenge lililoshonwa vizuri, na viatu vilivyofungwa. Koti ni nzuri kama iko. Kravati siyo lazima. Kofia inatolewa kichwani mbele ya kuingia, na miwani ya jua pia.

Kuna nguo mbili za kuacha nyumbani kabisa. Ya kwanza ni kila kitu kinachofanana na nguo ya jeshi: suruali ya madoadoa ya kijani, kofia, hata begi. Mu Kongo raia hana ruhusa ya kuvaa sare ya jeshi, na mtu anayezunguka na kamera akiwa amevaa hivyo anaweza kukamatwa mbele ya kueleza kwamba ni «ya filamu tu». Kama senario ina askari, mavazi hayo yanazungumzwa na wakubwa mapema, na yanavaliwa mbele ya kamera peke yake, pahali palipoandikwa kwenye ruhusa. Ya pili ni fulana ya chama cha siasa. Hata kama ndiyo fulana safi iliyobaki, inamfanya mkubwa asome senario kama barua ya wapinzani ao ya wapambe.

Kwa mashirika yenye kutoa kazi

Mikutano mingi ya malipo inafanyika na mashirika yanayotaka filamu fupi ao mchezo wa redio. Humo watu wanavaa kwa urahisi zaidi: polo, jinzi nzito isiyopasuka, viatu vya kutembea. Mwandishi akija na kostimi nyeusi na kravati nyekundu, anaweza kuonekana kama mgeni kuliko wageni wenyewe. Shati safi na suruali ya kitambaa vinatosha.

Lakini urahisi ule una mtego. Mtu aliyevaa ovyo anahesabiwa upesi kuwa «kijana wa kutusaidia», siyo fundi wa kazi, na bei anayopewa inafuata. Kinachomtofautisha mwandishi ni vitu vidogo alivyobeba: daftari, kalamu mbili, muhtasari wa ukurasa mmoja, na bei yake ikiwa imeandikwa. Anayetoa karatasi mbele ya kuulizwa anaheshimiwa kuliko anayerekebisha koti.

Mbele ya mtayarishaji wa filamu

Huko Los Angeles, ambako filamu nyingi za Marekani zinapangwa, kostimi ni nguo ya wakala na ya wakili. Mwandishi anakuja na shati ao jaketi rahisi, na hakuna anayemshangaa. Kila mtu anajua kwamba kazi yake ni kukaa peke yake na kuandika. Vijana wengi wa Kongo wameona hayo kwenye intaneti na kufikiri kwamba sheria ni moja duniani kote. Siyo hivyo. Mtayarishaji wa Kinshasa, wa Goma ao wa Lubumbashi anaweza kuwa mtu wa jinzi ao mtu wa kostimi. Dawa ni kuuliza mapema, kwa ujumbe mfupi: mkutano utakuwa wapi na nani watakuwepo? Pahali panasema nguo. Hoteli na ofisi vinataka shati na viatu vizuri. Studio ao kituo cha utamaduni kinaruhusu fulana safi ya rangi moja chini ya jaketi.

Shati la kitenge ni jibu zuri kwa mikutano ya namna hiyo, na Kisangani iko na sababu yake ya kulipenda: mji huu ulijulikana kwa vitenge vya SOTEXKI, kiwanda kilichoanza miaka ya 1970. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kushona shati la kumkaa mtu sawasawa kwa bei ndogo kuliko koti la dukani. Tahadhari ni moja: maua makubwa ya rangi tano yanapiga kelele. Kitenge cha rangi mbili ao tatu kinaacha uso uonekane.

Mbele ya watu wenye hadithi

Huu ni mkutano ambao vitabu vinausahau, na ndio wenye uzito zaidi. Mwandishi anakwenda kwa mjane, kwa mkimbizi, kwa mtu aliyepoteza mguu, kumwomba aeleze maisha yake. Tangu Februari 2023, mzozo wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola ulileta vifo, nyumba kuchomwa na familia nyingi kukimbia, Lubunga na kandokando yake. Mwenye kuandika juu ya mambo kama hayo anaingia mu nyumba za watu wenye kidonda kibichi.

Hapo nguo ya bei kali ni tusi. Ya ovyo nayo ni tusi. Mtu anavaa kama anayekwenda kutembelea matanga: safi, mikono na magoti vimefunikwa, rangi za kimya, bila mikufu na saa ya kungaa. Asivae kitu chochote chenye kuonyesha jamii moja kati ya zinazogombana.

Kuna kosa moja linalotendeka mara kwa mara: kuvaa jile ya shirika. Mashariki ya Kongo, jile yenye alama mgongoni inamaanisha msaada. Watu wakiiona wanafikiri kuna orodha ya unga, mahema ao pesa, na wanasema yale wanayofikiri yanatakiwa kusemwa ili jina liandikwe. Mwandishi akipokea ushuhuda hivyo, amedanganya pasipo kufungua kinywa. Na msaada usipokuja, anayelaumiwa ni yule aliyefuata nyuma yake. Aje na nguo zake mwenyewe, aseme jina lake na kazi yake, na aeleze wazi kwamba hakuna kitu cha kugawa.

Filamu nyingine ya Dieudo Hamadi, «Maman Colonelle» ya mwaka 2017, inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Inamfuata koloneli Honorine Munyole, polisi wa ulinzi wa watoto na wa wanawake waliotendewa ubaya, aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani. Sare yake inafungua milango na inaleta matumaini, mara nyingine matumaini makubwa kuliko uwezo wa ofisi yake. Kila nguo ya kazi inaahidi kitu. Mwandishi achague ile ambayo ahadi yake anaweza kuitimiza.

Mkutano wa kwenye simu

Siku hizi mtayarishaji wa mbali anaomba kuonana kwa video. Kamera ya simu ina tabia zake. Shati jeupe kabisa linaifanya kamera ipunguze mwanga, na uso mweusi unazidi kuwa giza. Shati la mistari myembamba linatetemeka kwenye picha. Rangi moja ya katikati, kama bluu, kijani ao ya udongo, ndiyo inafaa. Mtu anakaa akitazama mlango ao dirisha, kusudi mwanga umpige usoni, na nyuma yake panakuwa ukuta usio na vitu vingi.

Tena avae mpaka chini. Mtandao ukikatika, ao mtoto akiita, ao betri ikitaka kuisha, mtu anasimama, na kaptula inaonekana. Aliyevaa kamili pia anaongea kwa sauti ya mtu aliye kazini.

Festivali na inchi za baridi

Njia kutoka Kisangani mpaka festivali kubwa iko. «En route pour le milliard» iliwekwa mu uteuzi rasmi wa Cannes mwaka 2020, ingawa Covid ilizuia festivali kufanyika kama kawaida. «Maman Colonelle» ilionyeshwa Berlin. Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, alipata Étalon de Yennenga, zawadi kuu ya FESPACO ya Ouagadougou, mwaka 1999 kwa filamu «Pièces d'identités». Hadithi yake inamhusu mfalme wa Kikongo anayekwenda Brussels kumtafuta binti yake akiwa na mavazi na alama za ufalme wake. Ni filamu nzima juu ya swali lilelile: mavazi yako yanasema nini pahali ambapo hakuna anayekujua?

Majibu yanatofautiana. Ouagadougou, kitambaa kilichofumwa Burkina Faso, faso dan fani, kinaheshimiwa tangu Thomas Sankara alipokihimiza miaka ya 1980, na mgeni mwenye kitenge cha kwao anapokelewa vizuri. Cannes, maonyesho makubwa ya usiku yanataka kostimi nyeusi na kravati ya kipepeo ao gauni la jioni. Mikutano ya mchana haina sheria hiyo, na wengi wanavaa shati tu. Berlin inafanya festivali mwezi wa pili, mu baridi kali. Anayetoka Tshopo anahitaji koti nzito, soksi za sufu na viatu visivyopitisha maji mbele ya kufikiri juu ya uzuri. Anayetetemeka hawezi kueleza senario yake.

Wanawake mezani

Mwandishi mwanamke anabeba mzigo mwingine. Akivaa libaya na kikwembe, kuna watakaomdhania ni mpokeaji wa wageni. Akivaa suruali, kuna wazee watakaokumbuka makatazo ya zamani. Akivaa koti, watasema anajifanya mkubwa. Kwa kuwa maneno hayaishi, wengi wanachagua nguo ambayo wanaweza kuvuka nayo mto, kukaa nayo saa tatu na kutembea nayo haraka. Gauni la kitenge lenye kupita magoti ao suruali pana na blauzi ya mikono vinafaa karibu pote. Kikwembe cha pili mu begi kinasaidia kwenye pirogi na mvua ikija.

Lakini nguo haipaswi kubebeshwa makosa ya wengine. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu usumbufu wa kingono, na haiulizi mwanamke alikuwa amevaa nini. Mkutano wa kazi unafanyika mchana, ofisini ao pahali pa watu. Anayesisitiza usiku, mu chumba cha hoteli, haitishi senario. Mwandishi ana haki ya kubadilisha pahali, kuja na mwenzake, ao kukataa.

Kostimi ao kurasa?

Hesabu iko hivi. Kwa kawaida ukurasa mmoja wa senario unahesabiwa dakika moja ya filamu. Filamu ya dakika 90 ni kurasa 90. Watu watano wa kamati wakitaka kila mtu kopi yake, ni kurasa 450, bila kuhesabu muhtasari na bajeti. Ongeza nauli ya kuvuka, kwenda na kurudi, kwa sababu mkutano wa kwanza mara nyingi unaahirishwa. Mwenye kununua kostimi mbele ya hesabu hiyo atafika amependeza, na mikono mitupu.

Kuazima kunaonekana njia rahisi, lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Koti la ndugu mnene linamfanya mtu aonekane mgonjwa, na viatu vya kubana vinamfanya afupishe hadithi kusudi akae chini. Tena mwenye koti anaweza kulihitaji siku ambayo mkutano wa pili umepangwa. Heri shati moja la mtu mwenyewe, lililoshonwa kwa kipimo chake, suruali moja nzito na viatu vimoja vyenye kutunzwa. Seti hiyo inaweza kwenda kwa meya Jumatatu na kwa mtayarishaji Alhamisi. Hakuna anayeandika mu daftari kwamba shati ni lilelile.

Mwaka 1951, Wamarekani na Waingereza walikuja kupiga sehemu ya filamu «The African Queen» kwenye mto Ruiki, kusini ya Kisangani, upande uleule wa mto ambako reli ya Ubundu inaanzia Lubunga. Senario iliandikwa na James Agee pamoja na John Huston, kutoka kitabu cha Mwingereza. Mto ulikuwa wa hapa, mvua ya hapa, matope ya hapa. Maneno yalitoka kwingine. Leo mtu wa Lubunga anaweza kuandika maneno hayo mwenyewe na kuyapeleka mezani. Kinachotakiwa ni yafike makavu.

Mbele ya kutoka nyumbani, basi, vitu vya kuangalia ni hivi: kopi ziko mu plastiki, simu ina betri, nauli ya kurudi imetengwa mfukoni peke yake, viatu viko mu mfuko, kitambaa cha miguu kiko, vifungo vya shati vyote viko. Kisha kutazama mawingu juu ya mto, na kushuka kivukoni nusu saa mapema.